Michezo Minane, Mtikiso Mmoja: Majibu ya Magemu

Mwezi huu mmeniandikia sana kuhusu magemu ya kutikisa, yani yale ya kushika rimoti ukapiga tenisi hewani mbele ya tivi, na wengi mmeandika kwa hasira. Sijashangaa. Barua nimezipunguza kidogo zitoshee ukurasa na majina nimeyatoa kama mlivoomba.

SWALI: Assalam alaikum wa magemu. Mimi mama wa watoto watatu, niko Mkomani hapa Amu (Lamu). Mjomba wao alikuja likizo kutoka Uingereza akawaletea Wii ya mtumba, ile mashine ya magemu ya Nintendo, yenyewe nzuri haina kasoro, na diski moja mpya, kasha limechorwa michezo minane, kuna tenisi, ndondi, mpira, vikapu, upinde na mshale, baiskeli, kuruka viunzi na ule wa kuteleza kwenye theluji. Watoto walifurahi mpaka usingizi ukaruka. Sasa haikumaliza wiki wameiwacha, mkubwa amerudi kucheza mpira na wenzake, mdogo ananambia "mama hii yote ni kutikisa tu". Nikajaribu mwenyewe wallahi ni kweli, ndondi natikisa, baiskeli natikisa, kwenye mpira mtu anakimbia peke yake mimi kazi yangu nitikise akifika golini. Upinde ndo balaa, ile alama ya kulengea inarukaruka hata haishikiki, hasa mchana. Nataka kujua mashine ni mbovu, au ni sisi hatujaiweka sawa, au tumeuziwa hewa? Na mjomba wao nimwambieje manake kila akipiga simu anauliza.
Mama Watatu, Mkomani

JIBU: Waalaykum salaam mama. Hapo kwako kuna mambo mawili yamechanganyika, na yakichanganyika hutojua umlaumu nani. Upinde kurukaruka mchana, hiyo ni nyumba. Hayo mengine yote ni gemu.

Tuanze na nyumba manake hiyo inatibika leo leo. Ile fimbo nyeusi nyembamba inayokaa juu au chini ya tivi, watu wengi wanadhani ndo inayoiona rimoti. Haioni kitu. Ndani mna taa ndogo za infraredi basi, nyengine kulia nyengine kushoto, mwanga ambao jicho la binadamu haliuoni. Mwenye kuona ni rimoti yenyewe, pale mbele kwenye kioo cheusi ina kamera ndogo, inazitafuta hizo nuru mbili na ikizipata inapiga hesabu imeelekezwa wapi. Ndo maana kuna watu fimbo zao ziliharibika wakawasha mishumaa miwili mbele ya tivi na gemu ikaenda vizuri tu (usijaribu hii mama, na watoto na mapazia hapo hapo). Sasa jua nalo lina infraredi tele. Nyumba za mawe za kwenu zimejengwa kuzunguka kiwanda, yani ua wa ndani, na msana, ule ukumbi wake, unatazama kiwanda, mchana mwanga unamwagika ndani na kuta za chokaa zinaurudisha, rimoti ikiona nuru tatu nne badala ya mbili haijui ishike ipi. Jaribu baada ya isha, ukiona upinde umetulia basi jawabu ushapata. Mchana teremsha pazia, na tivi isiwe imeupa mgongo mlango wa kiwanda, manake hapo unailazimisha rimoti iangalie jua.

Na jambo jengine la nyumba zetu ambalo waliotengeneza haya magemu hawakuliwaza kabisa. Vyumba vya zamani vya Amu ni virefu lakini vyembamba, upana wake umeamuliwa na boriti za mikoko zilizobeba dari, kawaida haufiki mita 3. Tivi ikiwekwa kwenye ukuta mrefu, ukitoa makochi na meza huna hata mita mbili za kusimama, na mkono ukiachia tenisi unaenda kwenye zidaka za ukutani na sahani za bibi. Iweke kwenye ukuta mfupi wa mwisho, wacheze kwa urefu wa chumba. Nafasi itatosha.

Sasa gemu. Rimoti ya Wii ya mwanzo, ile ya 2006, mkono wako inausikia kwa akselerometa, kifaa cha kupima mkono umeongeza kasi kiasi gani na kuelekea wapi. Inajua umetikisa, inajua umetikisa kwa nguvu au polepole, inajua rimoti imelala au imesimama. Mkono wenyewe uko wapi haijui. Umesimama ukazungusha bega zima ama umelala mkekani ukachezesha kifundo tu, kwake yeye sawa sawa. Na watoto si wajinga, siku ya pili tu washagundua, na wakishagundua raha imekwisha kwa sababu raha yenyewe ilikuwa kujifanya unacheza tenisi, si kutikisa kitu.

Lakini sikiliza, udhaifu huo alikuwa nao kila mtu, hata Nintendo wenyewe. Gemu yao ya Wii Sports ilikuwa na michezo mitano, tenisi, besiboli, bolingi, gofu na ndondi, na sensa ile ile. Hata humo kwenye tenisi mchezaji anakimbia mwenyewe! Ila wakati unaopiga ndo unaoamua mpira uende wapi, ukiwahi unaenda huku, ukichelewa unaenda kule, na kama mnacheza wawili mtabishana mpaka usiku. Bolingi unarudisha mkono nyuma, unauleta, unaachia kitufe, na kifundo kikipinda mpira nao unapinda. Gofu ukizidisha nguvu mpira unakwenda kombo. Yani walijua kifaa chao hakihisi mengi wakachagua michezo ambayo hayo machache yanatosha. Zilitoka nakala zaidi ya milioni 82, na kweli nchi nyingi ilikuwa inakuja ndani ya kasha la mashine bila kulipia kwa hivo hesabu hiyo imebebwa, lakini watu waliendelea kuicheza miaka, na cha bure kikiwa kibaya hakichezwi miaka.

Baada ya hapo ikaja mafuriko. Kila kampuni ikataka na yake, na njia rahisi ya kushinda michezo mitano ni kuandika kumi. Kampuni ya Hudson walitoa gemu ya Deca Sports 2008, Ulaya iliuzwa kwa jina la Sports Island, humo mna upinde, badminton, vikapu, voliboli ya ufukweni, kaling (kusukuma mawe kwenye barafu), kuteleza kwenye barafu kwa madaha, mbio za gokati, mpira, theluji na pikipiki. Kumi kamili. Wahakiki wakalalamika kwamba mingi lakini haina kina, na pamoja na malalamiko hayo ya pili ikatoka 2009 na ya tatu 2010, kwa hivo mtu alikuwa ananunua. Kasha ndo linalouza. Mzazi yuko dukani, mtoto anamvuta nguo, kasha hili lina michezo mitano lile lina kumi na bei ni karibu moja, atabeba lipi? Wanajua hao. Kuufanya mwondoko mmoja ukae sawa mkononi mwa mtu ni kazi ya kujaribu na kujaribu, lakini kuchora uwanja mwengine na kubadilisha jezi ni kazi nyepesi, basi wanatengeneza mtikiso mmoja wanauvisha nguo nane. Ni kualikwa harusini ukafunua sahani nane na zote mbaazi.

Kwa hivo mama, siku nyengine usihesabu michezo, hesabu miondoko. Kabla ya kulipa tafuta video ya mtu anayeicheza, si ile ya matangazo, ile ambayo mkono wa mchezaji unaonekana. Funga sauti usiangalie skrini, angalia mkono. Kama kwa mkono tu huwezi kutofautisha huyu anapiga ndondi au anaendesha baiskeli, rudisha pesa mfukoni.

Najua kuna atakayeniuliza mbona Wii Sports Resort ya 2009 ina michezo 12 na watu wanaisifu. Ndio, na hesabu yangu inaipasisha. Ile ilikuja na MotionPlus, kidude cha kuchomeka chini ya rimoti chenye jairoskopu, na jairoskopu inapima kugeuka, kwa hivo upanga ukiulaza kwenye skrini unalala, ukiusimamisha unasimama. Upinde wake unashika rimoti wima kwa mkono mmoja na wa pili unavuta nunchuk, kile kishikio cha pili chenye waya, nyuma kabisa kama unavuta uzi. Kwenye mtumbwi unashika rimoti kama kasia na kupiga maji huku na huku, na watoto wa Amu watakwambia wenyewe kama wamekosea au la. Michezo kumi na mbili, na miondoko karibu kumi na mbili.

La kufanya: mashine usiiuze. Tafuta Wii Sports ya mtumba, na ukipata Resort uliza kama inakuja na MotionPlus manake bila hiyo haichezeki. Kuna rimoti za kuanzia 2010 ambazo tayari iko ndani, zimeandikwa hapo chini Wii MotionPlus INSIDE. Na diski iwe ya soko la Ulaya kama mashine yako, ukiuziwa na mtu aliyetoka Marekani haitosoma. Mjomba mwambie watoto wanaifurahia sana mashine na wameomba diski moja tu, mtajie jina. Hiyo si uongo.

SWALI: Oya kaka, mi nilikua na tivi ya mgongo gemu ya tenisi naua watu wote mtaani. Nimenunua flat kubwa saa hii napiga mpira ushapita kitambo, rimoti ile ile, betri mpya. Rimoti imezeeka ama?
Bingwa wa Langoni

JIBU: Rimoti haina neno. Tivi za mgongo zilikuwa zinaonyesha picha pale pale inapofika, flat zinaichukua kwanza zinaipamba, zinaikuza manake Wii picha yake ni ndogo, alafu ndo zinakuonyesha, na huo muda kidogo wa kupamba ndo mpira wako ulipopita. Ingia kwenye mpangilio wa picha utafute sehemu ya gemu, iwashe, na mapambo mengine yote yazime. Tivi nyengine hazina kabisa na hapo huna budi, ama ujifunze kuwahi ama urudie ya mgongo. Kabla hujampa mtu bure, ifikirie.

SWALI: Habari ya kazi. Nina kibanda cha gemu Malindi, mtaa wa Kisumu Ndogo, PS mbili na benchi, wateja ni FIFA tu mchana kutwa (najua jina limebadilika lakini hapa ni FIFA mpaka kiama). Kuna jamaa ananiuzia Xbox 360 na Kinect yake na diski za michezo, anasema watu watacheza kwa mwili bila kushika kitu na hakuna mwengine mji mzima anayo. Bei ni nzuri sana. Nichukue?
Mwenye Kibanda

JIBU: Usichukue, na bei nzuri sana ndo ingekushtua ya kwanza.

Kinect yenyewe, ile kamera ya Xbox inayosoma mwili, ilikuwa ajabu wakati wake. Ilitoka Novemba 2010, zikauzwa milioni 8 ndani ya siku 60 mpaka Guinness wakaiandika kwenye rekodi. Diski yake ya Kinect Sports ina mpira, bolingi, riadha, tenisi ya meza, voliboli ya ufukweni na ndondi, na kwa hesabu yangu ya miondoko haifanyi vibaya, riadha utakimbia hapo hapo ulipo mpaka jasho. Kasoro ni kwamba haikutengenezewa kibanda. Mchezaji mmoja anatakiwa asimame karibu mita 1.8 kutoka kamera, wawili karibu mita 2.4, na hapo katikati pasiwe na kitu. Sasa piga hesabu yako, benchi la FIFA linabeba wawili wanaocheza na wanne wanaongoja na kelele zao, yote kwenye nafasi ambayo Kinect ingemtaka mtu mmoja asimame peke yake. Hao wanaongoja utawaweka wapi? Wakipita mbele inawaona, mpaka watu sita inawatambua ingawa wanaocheza ni wawili tu, na mtoto akikatiza kwenda kununua barafu gemu inaweza kudhani yeye ndo mchezaji. Mlango wazi, jua la Malindi linaingia, nayo inategemea infraredi pia kwa hivo jua ni adui yake.

Alafu nguo. Kinect inamsoma mtu kwa mifupa yake, inatafuta mikono na miguu miwili. Nguo pana inaisumbua. Ijumaa vijana wametoka msikitini na kanzu wamekuja moja kwa moja kibandani, itaona nguzo. Dera ndo usiseme. Hapa utasikia lawama "mashine yako mbovu nirudishie pesa yangu", na utarudisha.

Na isitoshe Microsoft, wenye Xbox, waliacha kuitengeneza 2017, ikifa imekufa. Kama bado moyo unakuuma muulize jamaa Xbox yake ni ile nene ya zamani ama nyembamba, nene inataka Kinect iwe na waya wake wa umeme peke yake, na huo waya ndo kitu cha kwanza kupotea kwenye mitumba. Ongeza pedi za PS, utalala vizuri.

SWALI: Salaam mwanangu. Daktari amenambia nifanye mazoezi sukari isipande. Wajukuu wanasema babu cheza nasi bolingi ya tivi ni mazoezi tosha. Wananidanganya?
Babu, Langoni

JIBU: Shikamoo babu. Wamekudanganya nusu. Kuna watafiti wa chuo kikuu cha Liverpool John Moores walilipima jambo hili wakaliandika kwenye jarida la madaktari la BMJ Disemba 2007, vijana waliocheza Wii Sports walitumia nguvu nyingi zaidi kuliko walipokaa na gemu ya kawaida, angalau nusu zaidi, lakini hawakufikia nguvu za kucheza michezo yenyewe ya kweli. Na bolingi ni katika ile myepesi, ndondi ingekusukuma zaidi lakini kwa umri wako muulize daktari kwanza. Cheza nao babu, kukaa na wajukuu si haba, ila asubuhi jua halijapanda teremka forodhani ushike njia ya Shela taratibu, ukichoka rudi na boti. Kile ndo daktari alichokusudia.

SWALI: Mwanangu amevunja tivi kwa rimoti, ilimtoka mkononi akipiga besiboli. Kamba alikuwa ameivaa na ikakatika! Kamba ya nini sasa kama inakatika?
Mwenye Uchungu, Malindi

JIBU: Pole sana, kioo cha tivi ukiulizia bei bora ununue tivi nyengine. Kamba kukatika si mkosi wako peke yako. Wii ilipotoka tu mwaka 2006 ilitokea kwa watu wengi mpaka Disemba ile ile Nintendo wakasema watabadilisha kamba milioni 3.2 bure, waya wake ulikuwa unene wa milimita 0.6 wakaufanya 1.0, na mwaka uliofuata wakaanza kutoa na mfuko laini wa silikoni wa kuvisha rimoti. Kwa hivo ikiwa rimoti yako ni ya mwanzo mwanzo ama kamba ni ya kuiga, tupa weka nene. Mikono ya watoto ifutwe jasho, huku kwetu mikono haikauki. Na mwambie asirushe mkono kwa nguvu zote, kupiga kwa wakati wake ndo muhimu. Hawaamini hawa lakini mwambie.

SWALI: Hi! Mimi na mume wangu tuna Switch, tunataka ile Nintendo Switch Sports. Nimesoma wengine wanaisifu wengine wanaiponda. Wewe wasemaje?
Bi Harusi Mpya, Shela

JIBU: Hongera kwanza! Ilitoka tarehe 29 Aprili 2022 ikiwa na sita: tenisi, badminton, bolingi, voliboli, mpira na chambara ambayo ni mapigano ya panga. Gofu iliongezwa Novemba mwaka huo bila malipo na vikapu vikaja 2024, kwa hivo anayeinunua leo anapata zaidi kuliko waliopiga kelele mwanzo, na wengi wa wanaoponda ni hao wa mwanzo. Kwa miondoko iko sawa, badminton na tenisi zinafanana mno kwa kweli, lakini chambara ina kukinga na kupiga kwa pembe, na voliboli kila hatua ina mkono wake, kuinua, kutenga, kupiga, kuzuia. Joy-Con, yani rimoti za Switch, zina jairoskopu tangu dukani kwa hivo haina vidude vya kuchomeka.

Kinachoudhi ni kwamba nguo na mapambo ya mchezaji wako unayapata zaidi ukicheza onlaini na watu wengine, na onlaini inataka ulipie huduma ya Nintendo. Ukicheza nyumbani wawili tu hakuna kikubwa cha kukuvuta mbele, na huko onlaini intaneti ikiyumba ndo basi. Kwa watu wawili walioana juzi sidhani kama mtahitaji watu wengine onlaini, lakini mjue hivo kabla ya kulipa.

Nunueni ile ya kasha, si ya kupakua. Kwenye kasha mna mkanda wa kufunga Joy-Con pajani mkapiga mpira kwa mguu wa kweli. Mwanzo ulitumika kwenye penalti peke yake, tangu Julai 2022 unaweza kuuvaa kwenye mechi nzima, na mwenye kupakua hapewi. Vueni viatu na msogeze meza.